“Huu ugonjwa umetoka upande gani?” Kromosomu ya 11 na hesabu ya urithi

Mtoto akigundulika ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, suala la matibabu mara nyingi huja la pili. Linalotangulia huulizwa chini kwa chini, jikoni au nje ya wodi: huu ugonjwa umetoka upande gani? Kuumeni wanaapa kwamba kwao hakuna mtu wa hivyo tangu enzi za mababu. Kuukeni nao wanaapa vilevile. Kila upande unasema kweli kwa kadiri unavyojua, maana ni kweli hakuna aliyeonekana akiumwa. Mawifi wanaanza kunong'ona, na wapo wanaofika hadi kuuliza kama mtoto ni wa yule baba kweli, kwa hoja kwamba wazazi wawili wasioumwa hawawezi kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wa damu.

Jibu la biolojia ni fupi. Umetoka pande zote mbili, nusu kwa nusu, na haungeweza kutoka vinginevyo. Ila jibu hilo halimfikishi mbali mtu ambaye hajaelezwa kromosomu ni kitu gani na kwa nini hukaa mbili mbili. Kwa hiyo nitafuata jeni moja tu, hii ya selimundu, hatua kwa hatua. Nimeichagua kwa sababu hitilafu yake ni ndogo mno na inajulikana hadi herufi ya mwisho, na kwa sababu sehemu kubwa ya kisa chake iligunduliwa huku kwetu, Kenya na Uganda. Mtu akishaielewa hiyo, ualbino na yale maneno kuhusu nani “anayeleta” watoto wa kike havimpi shida.

Herufi moja

Karibu kila seli ya mwili ina kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi 46 za DNA. Kila uzi, ukiwa umezongwa na protini zake, ndio unaoitwa kromosomu. Ukizinyoosha nyuzi zote za seli moja na kuziunganisha, unapata urefu wa mita 2 hivi, uliokunjwa mahali pasipoonekana kwa jicho. Hata hiyo idadi ya 46 si ya zamani sana. Vitabu vilifundisha 48 kwa zaidi ya miaka 30, hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya mjini Lund, Sweden, na kuchapisha matokeo mwaka 1956. Wanasayansi walikuwa wakitazama picha zilezile na kuona 48 kwa sababu waliambiwa ni 48.

46 ni jozi 23. Katika kila jozi, kromosomu moja ililetwa na mbegu ya baba na nyingine na yai la mama. Zimepewa namba kufuata ukubwa, kuanzia 1 hadi 22, na jozi ya 23 ndiyo ya jinsia. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa unayo kromosomu ya 11 uliyopewa na baba na kromosomu ya 11 uliyopewa na mama, na zote mbili zina jeni zilezile kwa mpangilio uleule.

Hapo ndipo wengi hupotea, basi twende taratibu. Jeni ni kipande cha ule uzi wa DNA chenye maelekezo ya kutengeneza kitu, mara nyingi protini. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000. Kwa kuwa kromosomu zimekaa mbili mbili, kila jeni unayo nakala mbili, ya baba na ya mama. Nakala hizo zinaweza kufanana kabisa, na zinaweza kuachana kidogo. Huko kuachana kidogo kunaweza kuwa ni kwa herufi moja tu.

Herufi zenyewe ni kemikali nne, A, T, G na C, zinazofuatana kwenye uzi. Seti moja ya kromosomu 23 ina kama bilioni 3. Seli huzisoma tatu tatu, na kila tatu huamua ni asidi amino ipi iungwe kwenye protini inayojengwa. Sasa nenda kwenye kromosomu ya 11, karibu na ncha yake. Kuna jeni iitwayo HBB, inayoongoza ujenzi wa mnyororo wa beta wa himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu. Mnyororo huo una asidi amino 146. Kwa watu wengi, herufi za ile ya sita ni GAG, na hapo huungwa asidi ya glutamiki. Kwa baadhi yetu ni GTG, na hapo huungwa valini. Herufi moja imebadilika, asidi amino moja imebadilika, nyingine 145 ziko salama. Toleo la kawaida la jeni hiyo tuliite A, kama wanavyoliita hospitali (usilichanganye na ile herufi A ya DNA), na lile lenye valini tuliite S.

Valini haipatani na maji. Himoglobini yenye valini mahali pale, ikishaachia oksijeni, hunata kwa mwenzake, naye hunata kwa mwingine, hadi zinajenga nyuzi ngumu ndani ya seli nyekundu. Seli iliyokuwa ikijipinda na kupenya kwenye mishipa myembamba inakakamaa, inachukua umbo la mundu, inakwama. Damu iliyo nyuma yake inasimama, na sehemu ya mwili iliyokuwa ikiisubiri inakosa oksijeni. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa yanayomfanya mtu mzima alie. Tena seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20. Uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unazalisha mbio mbio na bado haufikii. Mtoto anapungukiwa damu, macho yanakuwa manjano.

Wazazi wengi huziona dalili kabla ya kulijua jina. Kichanga cha miezi saba au minane kinavimba viganja na nyayo, kinalia ukikishika mkono, kinakataa kusimamishwa. Kabla ya hapo kilikuwa kizima kabisa, na huko kuwa kizima ndiko kunakowachanganya watu, wakatafuta nani aliyemtazama mtoto kwa jicho baya. Sababu iko palepale kwenye kromosomu ya 11. Mtoto akiwa tumboni hatumii sana HBB; hutumia himoglobini ya kichanga, inayotokana na jeni nyingine jirani ambazo hazina kasoro hiyo. Akishazaliwa, jeni hizo huzimwa polepole na HBB kushika zamu. Miezi sita ya kwanza anaishi kwa akiba ile. Liweke hilo akilini, maana tiba mpya zimejengwa juu yake.

Kimya cha vizazi

Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, watu tuko wa aina tatu: AA, AS na SS. Mwenye SS ndiye anayeumwa. Mwenye AS hutengeneza himoglobini za aina zote mbili ndani ya seli ileile, na ile ya kawaida inatosha kuzuia nyuzi zisijengeke. Anaishi maisha yake, anacheza mpira, anazeeka, na isipokuwa katika hali za nadra za upungufu mkubwa wa oksijeni, hajui kama ana S.

Shuleni tulifundishwa kwamba jeni moja hutawala na nyingine hujificha, na wengi tulitoka darasani tukidhani jeni hupigana na mwenye nguvu hushinda. Hakuna vita yoyote. Kwa mwenye AS nakala zote mbili zinasomwa na kufanyiwa kazi kila siku; ukipima damu yake utaikuta S waziwazi, kuanzia theluthi hivi hadi asilimia 40 ya himoglobini yote. Kinachojificha ni ugonjwa. Jeni yenyewe haijifichi, iko kazini.

Mwili ukitengeneza mbegu au yai, unazitenganisha jozi. Kila yai linapata kromosomu ya 11 moja tu, na kila mbegu vilevile. Kama mama ni AS, nusu ya mayai yake yana A na nusu yana S. Kama baba ni AS, mbegu zake nazo ni nusu kwa nusu. Ili mtoto awe SS, lazima yai lenye S likutane na mbegu yenye S. Mmoja wa wazazi akiwa na A mbili, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS, hata wakizaa kumi. Ndiyo maana swali la upande gani halina jibu analolitaka muulizaji. Ni sawa na kuuliza ni mkono gani uliopiga kofi katika viganja viwili vilivyokutana.

Na kwa nini hakuna anayemkumbuka mgonjwa katika ukoo? Kwa sababu S inaweza kutoka kwa bibi mwenye AS kwenda kwa binti mwenye AS, kwa mjukuu mwenye AS, vizazi na vizazi, bila kukutana na S nyingine. Siku inapokutana nayo ndipo inaonekana. Kuna sababu ya pili, nayo ni ya uchungu: watoto wengi wa zamani waliofariki kabla ya kutimiza miaka mitano walizikwa kwa jina la malaria, degedege au “kuishiwa damu”, na baadhi yao walikuwa SS bila mtu kujua. Wanaosema “kwetu haupo” pengine wana kaburi dogo nyuma ya nyumba wasilolihesabu.

Sasa hesabu. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina robo ya uwezekano wa kuwa SS, nusu ya kuwa AS, na robo ya kuwa AA. Tatizo ni hilo neno “kila mimba”. Watu hulisikia wakaelewa kwamba katika watoto wanne mmoja atakuwa mgonjwa, na akishapatikana huyo, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Yai la leo halijui yai la mwaka juzi lilikuwa na nini. Chukua familia 100 ambazo baba na mama wote ni AS na kila moja ina watoto wanne. Kwa wastani familia kama 32 hazitakuwa na mtoto hata mmoja mwenye ugonjwa. Kama 42 zitakuwa naye mmoja. Na 26 zilizobaki zitakuwa na wawili au zaidi, na kwa nadra sana hutokea hata wote wanne wakaumwa. Wazazi wa familia hizi zote wana jeni zilezile. Aliyejaliwa wanne wazima si kwamba ana damu safi, na mwenye wagonjwa watatu hakurogwa.

Robo hiyo ilionekana kwanza kwenye njegere. Mtawa Gregor Mendel alizipanda katika bustani ya monasteri mjini Brno kuanzia mwaka 1856, akachanganya zenye mbegu laini na zenye mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza kilitoka laini tupu. Alipokiacha kijichavushe chenyewe, mikunjo ilirudi: mbegu 5,474 laini na 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Alichapisha mwaka 1866, watu wakapita tu. Alifariki mwaka 1884 bila kujua kwamba kazi yake ingefufuliwa mwaka 1900, na kwamba muda mfupi baadaye Mmarekani Walter Sutton, akichungulia seli za panzi kwa hadubini, angeona kromosomu zikigawana vilevile ambavyo njegere za Mendel zilidai.

Mbu ndiye aliyeilinda

Kuna jambo hapa lisiloingia akilini kwa haraka. Kabla ya hospitali, watoto wenye SS wengi hawakufika umri wa kuzaa. Kila aliyekufa aliondoka na S mbili. Kwa mwendo huo S ingepaswa kuisha zamani, au ibaki kwa watu wa kuhesabika. Badala yake, Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, nyuma ya Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na inakadiriwa kwamba kati ya watu wake 100, 13 hadi 20 wana AS. Kitu fulani kimekuwa kikiirudisha.

Aliyekipata ni Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, alijiunga na msafara wa kitaaluma uliokuja Mlima Kenya, akapita huku na kule akikusanya sampuli za damu za makabila mbalimbali. Alikuwa akitafuta mambo ya makundi ya damu, lakini akapima na S. Matokeo yalipangika kwa namna ya ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika 100 walikuwa nayo, kwenye nyanda za juu zenye baridi, chini ya mmoja. Haikufuata lugha wala kabila. Mtu aliyekulia Kenya alijua ramani nyingine inayofanana na hiyo, ramani ya malaria.

Alirudi baadaye kulithibitisha. Alipima watoto wa Buganda, akakuta wenye AS wana vimelea vichache vya malaria kuliko wenzao wenye AA. Pia aliwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima waliojitolea, Wajaluo 30, nusu wakiwa na AS. Katika wale 15 wasio na S, 14 walipata vimelea. Katika wale 15 wenye AS, wawili tu. Matokeo yalikuwa ya wazi, ila kusema kweli jaribio la namna ile leo lingezuiwa mlangoni na kamati yoyote ya maadili. Alichapisha mwaka 1954. Tafiti za miaka ya baadaye huko Kilifi, pwani ya Kenya, zimeonyesha kwamba AS inampunguzia mtoto hatari ya malaria kali kwa takribani asilimia 90.

Tazama maana yake kwa tarakimu. Tuseme katika eneo fulani, kati ya nakala 100 za jeni ya HBB, 10 ni S. Watu wakioana bila kupimana, kati ya watoto 100 wanaozaliwa, 81 watakuwa AA, 18 watakuwa AS na mmoja atakuwa SS. Yule mmoja hatari yake ni kubwa. Wale 18 wanapita kwenye malaria wakiwa na kinga ambayo wale 81 hawana. Mahali penye mbu wengi, faida ya wale 18 ilitosha kufidia hasara ya yule mmoja, na S ikabaki. Wengi wetu tulio hai leo tumetokana na bibi au babu aliyevuka utoto wake kwa sababu ya herufi ileile inayomlaza mjukuu wake wodini.

Ndiyo maana nikisikia “huo ni ugonjwa wa watu wa pwani” au “wa Kanda ya Ziwa” huwa nacheka kidogo. Ni ugonjwa wa mahali palipokuwa na mbu, na watu wa mahali hapo leo wanaishi Dodoma, Arusha na London. Hata kusema ni wa watu weusi si sahihi. Upo Ugiriki, upo kusini mwa Italia, upo kwa wingi India, kote kulikowahi kuwa na malaria. Uko Oman pia, na huko kuna kitu cha kuvutia. Wataalamu hutambua S ya kila eneo kwa kusoma herufi zinazoizunguka kwenye kromosomu ya 11, maana kipande chote husafiri pamoja. Nchini Oman wanaikuta ile ya Kiarabu na Kihindi, na pembeni yake wanaikuta ile inayoitwa aina ya Bantu. Karne za jahazi, biashara, utumwa na ndoa kati ya Oman na mwambao wetu zimo ndani ya damu za wodini Maskati.

Hesabu ileile, mahali pengine

Ualbino unafuata njia hiyohiyo. Aina iliyozoeleka zaidi Afrika inatokana na jeni ya OCA2 iliyoko kwenye kromosomu ya 15. Kwa wengi, kipande cha herufi kama 2,700 kimekosekana humo, na seli za ngozi, nywele na macho zinashindwa kutengeneza melanini ya kutosha. Mwenye nakala moja mbovu ana rangi yake kama kawaida. Zikikutana mbili, mtoto ana ualbino. Uchunguzi uliofanyika Dar es Salaam ulikuta kama mtu 1 katika 1,400. Ukiitumia ile hesabu ya juu kurudi nyuma, utakuta takribani mtu 1 kati ya 20 amebeba nakala hiyo bila kujua. Daladala moja iliyojaa haikosi. Yule mama aliyefukuzwa kwa kudaiwa ametoka nje ya ndoa, au amezaa na pepo, alifukuzwa na mwanamume aliyetoa nusu ya sababu mwenyewe.

Kundi la damu linaonyesha sura nyingine. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 9 na ina matoleo matatu, A, B na O. Mtu mwenye A na B anaonyesha yote mawili, hakuna linalomezwa. Nalitaja tu ili usidhani kila jeni ina mkubwa na mdogo.

Halafu kuna jozi ya 23. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Kila yai la mama lina X, hana kingine cha kutoa. Mbegu za baba ni nusu X na nusu Y, na ile itakayotangulia ndiyo itakayoamua. Jeni moja ndogo kwenye Y, iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, ndiyo inayoelekeza kijusi kuwa cha kiume. Mume anayeongeza mke kwa sababu huyu wa kwanza “anazaa wasichana tu” anatafuta Y kwa mtu asiyekuwa nayo. Kwa kuku mambo ni kinyume, mtetea ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti na jogoo ndiye mwenye mbili zinazofanana, kwa hiyo huko lawama ingeenda kwa jike. Na kwa kasa wanaotaga kwenye fukwe zetu hakuna kromosomu ya jinsia kabisa: mchanga ukiwa na joto zaidi hutoka majike, ukiwa na ubaridi hutoka madume.

Y ni fupi na ina jeni chache, jambo linalomgharimu mwanamume. Kasoro ikiwa kwenye X, msichana ana X nyingine ya kumkinga, mvulana hana. Ndiyo maana kutoona vizuri tofauti ya nyekundu na kijani, au damu kushindwa kuganda, huwapata wavulana zaidi, nao huwa wamepewa na mama asiyeumwa. Hapa, kwa mara moja, swali la upande gani lina jibu.

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani kwa sababu jozi 23 zinaweza kugawanywa kwa namna zaidi ya milioni 8, na kabla ya kugawanywa kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande. Urefu wa mtu nao hauna jeni yake moja. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulihusisha sehemu zipatazo 12,000 za DNA, kila moja ikichangia kidogo sana, na chakula cha utotoni kinaingia humohumo. Anayekuahidi kipimo cha jeni cha kukuambia mwanao atakuwa mrefu kiasi gani anauza maneno.

Kuna pia hitilafu za kromosomu nzima, na hizi zisichanganywe na zile za herufi. Mtoto mwenye hali ya Down ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, jambo lililobainishwa Ufaransa mwaka 1959. Kwa kawaida haikurithiwa. Jozi ilishindwa kuachana wakati yai au mbegu inatengenezwa, na uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda.

Kujua, na kutibu

Wachumba wanaotaka kujua hali yao wanapaswa kuuliza kipimo kipi hasa. Kile cha haraka, cha kuona kama seli zinageuka mundu, husema tu kama S ipo. Hakitofautishi AS na SS, na watu wamewahi kuambiwa wana ugonjwa wasiokuwa nao. Kinachotofautisha ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini na kuzipima moja moja, nacho hufanyika katika hospitali kubwa. Aliyeongezewa damu karibuni asubiri, maana atapimwa damu ya mtu mwingine. Wakikuta wote ni AS, waamue wenyewe. Wapo wanaoachana, wapo wanaooana na kujipanga, na sioni ni kwa haki gani mchungaji, shehe au mwandishi wa makala awaamulie.

Kwa mwenye SS, dawa iliyobadilisha maisha ya wengi ni haidroksiyurea, ambayo huamsha tena ile himoglobini ya kichanga. Wazo lile lile ndilo lililopelekwa mbali zaidi mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza kisha Marekani zilipoidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Madaktari huchukua seli mama za uboho wa mgonjwa, wanakata mahali pamoja kwenye jeni ya BCL11A iliyoko kwenye kromosomu ya 2, ile inayozima himoglobini ya kichanga, kisha wanamrudishia seli zake baada ya kuusafisha uboho wa zamani kwa dawa kali. Ile akiba ya miezi sita inarudi na kubaki. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, hivyo kwa sasa hapa kwetu ni habari ya kusoma.

Ila wanaoisoma mara nyingi huuliza kama mtu akitibiwa hivyo atakuwa ameukata ugonjwa katika ukoo. Hajaukata. HBB yake haikuguswa hata ndani ya uboho, na seli zilizokatwa ni za uboho tu. Mayai yake, au mbegu zake, zinatoka kwingine, na kila moja bado imebeba S. Akizaa na mtu wa AA, watoto wote watakuwa AS. Akizaa na mtu wa AS, kila mimba ni nusu kwa nusu, AS au SS, ingawa mzazi mwenyewe hajaugua tena siku hata moja.